Njia Mbili za Hoja: Kupanda na Kushuka



Mhariri wa gazeti letu ameniomba nieleze habari za hoja, yaani jinsi mtu anavyotoka katika jambo alijualo akafika katika jambo asilolijua. Najua wengine watasema, "Hayo ni ya watu wa mdahalo, sisi yatuhusu nini?" Nawasihi wasifunue ukurasa upesi. Hoja mbaya katika ukumbi wa shule humfanya msemaji achekwe, basi. Lakini hoja ya namna ileile ikitoka ukumbini ikafika kijijini, yaweza kumtoa mtu roho. Mimi nilianza kwa kuchekwa, na baadaye ndipo nikaona hilo la pili.

Jumamosi moja muhula uliopita tulikuwa na mdahalo. Mada ilisema kwamba kijana wa siku hizi ni afadhali aende machimboni kuliko kukaa shuleni. Nilipangwa upande wa kukubali. Nikasimama, nikakohoa kidogo kama wakubwa wafanyavyo, nikasema: "Ndugu mwenyekiti, jirani yetu mmoja aliacha shule akiwa Kidato cha Pili, akaenda kwenye mashimo ya dhahabu. Leo ana nyumba ya bati na pikipiki mbili. Wa pili alikwenda mwaka uliofuata. Leo ana duka la saruji na misumari. Wa tatu amenunua ng'ombe, tena ameoa. Basi, ndugu mwenyekiti, aendaye machimboni hutajirika." Wenzangu wakapiga makofi na kugonga madawati.

Hapo akasimama msichana mmoja wa Kidato cha Tatu wa upande wa pili. Hakutoa hotuba. Aliuliza tu, "Ndugu msemaji, hao umewataja watatu. Waliokwenda walikuwa wangapi?"

Nikanyamaza. Si kwamba sikuwajua wengine. Nilimjua aliyerudi na deni la mashine ya kusaga mawe. Nilimjua aliyerudi na kikohozi kisichopona. Niliijua na nyumba iliyokaa matanga kwa sababu shimo lilimfukia kijana wao. Lakini sikuwa nimewahesabu, maana waliorudi mikono mitupu hakuna awaonyeshaye kwa kidole njiani. Ukumbi ukacheka, nami nikaketi.

Jioni mwalimu anayesimamia mdahalo aliniita. Nilidhani atanikaripia, kumbe sivyo. Akaniambia, "Hukushindwa kwa kukosa maneno. Ulipanda ngazi yenye vidato vitatu, ukadhani umefika darini." Kisha akanieleza njia mbili ambazo fikira za mtu hupitia, akaniazima na kitabu. Haya niandikayo niliyapata kwake na kitabuni, pamoja na niliyoyaona mwenyewe kwetu.

NJIA YA KUPANDA

Njia ya kwanza huanza chini, katika mambo mojamoja tuyaonayo, ikapanda mpaka kwenye kanuni inayoyahusu yote. Mtoto amegusa moto jana akaungua, amegusa leo akaungua. Kesho hagusi tena, amekwisha pata kanuni. Mkulima ameona kwa miaka mingi kwamba mawingu mazito huleta mvua, basi akiyaona hutayarisha jembe. Wazee wetu waliifunga njia hii katika methali fupi: dalili ya mvua ni mawingu.

Tazama afanyavyo mnunuzi wa mpunga hapa sokoni Ushirombo. Hawezi kulimwaga gunia zima chini alichambue punje kwa punje, jua litamchwea. Huchukua bambo, kile chuma chenye ncha na mfereji, akalichoma gunia, akatoa punje chache kiganjani. Kwa punje hizo huhukumu gunia zima. Hiyo ndiyo hoja ya kupanda. Lakini mnunuzi mwenye akili hachomi mahali pamoja tu. Huchoma juu, huchoma katikati, huchoma na chini kabisa, maana ajua kwamba muuzaji mjanja huweka mpunga safi juu, na pumba na mchanga chini. Tena hakubali kuchoma gunia alilochaguliwa na muuzaji, hujichagulia mwenyewe.

Mimi katika mdahalo nilichoma juu ya gunia tu, pale palipong'aa.

Hata bambo likichomwa vizuri namna gani, hoja ya kupanda haina uhakika kamili. Haisemi "ni lazima", husema "yaelekea". Methali yenyewe imesema dalili, haikusema mvua, na mawingu mengine hupita tukabaki na vumbi letu. Kadhalika methali isemayo kwamba samaki mmoja akioza wote wameoza yafaa kutuonya juu ya rafiki wabaya, lakini mtu akiigeuza hoja, ni hoja mbovu, maana imepanda kidato kimoja tu. Mwanafunzi mmoja wa bwenini akiiba sukari, je, bweni zima ni wezi? Nadhani wenzangu wa bweni hawatakubali.

NJIA YA KUSHUKA

Njia ya pili huanza juu, katika kanuni, ikashuka mpaka kwenye jambo moja. Aristotle, mtaalamu wa Uyunani aliyeishi tangu mwaka 384 hadi 322 kabla ya Kristo, aliichambua njia hii kwa makini sana. Wataalamu walioandika kwa Kiarabu waliisoma kazi yake baadaye, na elimu hiyo wakaiita mantiki, neno tulitumialo hata leo.

Nitatoa mfano wa kwetu, maana sisi ni watu wa ukanda wa dhahabu:

Dhahabu ikigongwa kwa nyundo hutandazika, haipasuki.
Chembe hii ya manjano imegongwa, ikapasuka ikawa unga.
Basi, chembe hii si dhahabu.

Kama maneno mawili ya kwanza ni kweli, la tatu haliwezi kuwa uongo. Hapa hapana "yaelekea". Huo ndio ubora wa njia ya kushuka, nayo ndiyo tuitumiayo katika jometri tunapothibitisha kwamba pembe fulani ni sawa na pembe fulani.

Lakini njia hii ina magonjwa mawili. La kwanza, kanuni yenyewe yaweza kuwa ya uongo. Nikisema, "Kila aishiye mjini ni tajiri, mjomba wangu aishi mjini, basi mjomba wangu ni tajiri," hatua zangu za kushuka ni sawasawa, lakini mwulizeni mjomba anavyohangaika na kodi ya chumba.

Ugonjwa wa pili ni kuigeuza kanuni kichwa chini. Mtu husema, "Dhahabu hung'aa kwa rangi ya manjano, jiwe hili lang'aa kwa rangi ya manjano, basi hili ni dhahabu." Kanuni yake ni kweli, na jiwe kweli lang'aa, lakini mwisho wake ni uongo, maana yapo mawe mengine yang'aayo vivyo hivyo. Liko moja lililofanyika kwa chuma na salfa, liitwalo pairiti, ambalo limewaliza wachimbaji wageni wengi duniani. Kusema "kila dhahabu hung'aa" si sawa na kusema "kila king'aacho ni dhahabu". Kila ng'ombe ana miguu minne, lakini meza nayo ina miguu minne.

Sasa liko jambo kubwa zaidi ambalo mwalimu alinitaka nilishike. Tukishuka kutoka katika kanuni, yafaa tuulize: kanuni hiyo ilipatikana wapi? Mara nyingi ilipatikana kwa kupanda. Mtu fulani zamani aliona mambo machache, akatengeneza kanuni, akaturithisha. Kama alipanda vibaya, sisi tutashuka vibaya, hata hatua zetu zikiwa sawasawa kabisa. Njia hizi mbili zategemeana kama kamba na ndoo za kisimani.

MTU ALIYEPANDA VIZURI

Kabla ya kutaja mabaya, nitataja hoja moja iliyojengwa vizuri. Mwanzoni mwa karne ya 20 ugonjwa wa malale ulizuka Uganda, kando ya ziwa letu hili la Viktoria, ukaua watu zaidi ya 200,000 katika miaka michache. Mwaka 1903 daktari wa jeshi la Uingereza aitwaye David Bruce alifika Entebbe. Mwenzake Mwitalia, Aldo Castellani, alikuwa amekwisha ona vijidudu katika maji ya uti wa mgongo wa wagonjwa. Swali lilikuwa: vijidudu hivyo vyamwingiaje mtu?

Bruce alikwisha kufanya kazi nchi ya Wazulu miaka ya nyuma, akagundua kwamba mbung'o ndiye aletaye ugonjwa wa nagana kwa ng'ombe. Akashuku mbung'o. Lakini hakuridhika na kushuku. Aliomba msaada wa watu wa sehemu mbalimbali wakusanye inzi wa kwao, waseme pia kama kwao kuna wagonjwa wa malale. Yote akayatia alama katika ramani. Palipokuwa na malale palikuwa na mbung'o. Pasipo na mbung'o watu hawakuambukizana malale.

Tazameni vizuri hapo. Bruce hakuuliza habari za mahali penye ugonjwa tu. Aliuliza na mahali pasipo ugonjwa. Alichoma bambo juu na chini ya gunia.

Kisha akashuka: kama mbung'o ndiye aletaye malale, basi mbung'o aliyemwuma mgonjwa, akimwuma tumbili mzima, tumbili ataugua. Wakajaribu, na tumbili akaugua. Kama asingeugua, hoja yote ingetiwa mashaka, na Bruce angelazimika kurudi chini kuanza upya. Mtu wa kweli hupanda, akashuka, akatazama kama alipofika ndipo alipotarajia.

Nimechagua mfano huu kwa sababu mbung'o si mgeni kwetu. Wakati wa ukoloni idara iliyomchunguza mbung'o katika Tanganyika ilikuwa na makao yake Shinyanga. Mapori mengi ya Usukumani yalifyekwa ili kumfukuza, na mengine yakafyekwa kwa ajili ya mashamba ya pamba na kuni. Miti ikaadimika, hata mwaka 1986 ukaanzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uitwao HASHI, ili kurudisha miti na ngitili za wazee. Na mahali pasipo miti mama hupikia nini? Hupikia mabua na samadi kavu ya ng'ombe, katika jiko la mafiga matatu, ndani ya nyumba isiyo na dirisha kubwa. Nawaomba mlikumbuke hilo la moshi.

MACHO MEKUNDU

Nilipokuwa Darasa la Tatu, alikuwapo bibi mmoja kijijini kwetu aliyekuwa na mwembe. Siku moja aliniita anipe embe. Nilimtazama macho, nikaona ni mekundu, nikakimbia mpaka nyumbani. Hakuna mtu aliyepata kuniambia kwamba bibi huyo alimdhuru yeyote. Nilikuwa nimesikia tu kwamba mwenye macho mekundu ni mchawi. Nilikuwa na miaka tisa, na tayari nilikuwa nimeshuka kutoka katika kanuni ambayo sikujua nani aliipanda.

Kukimbia kwangu kulimnyima bibi heshima tu. Lakini wako waliomwendea mtu kwa panga kwa hoja hiyohiyo. Katika sehemu za Shinyanga na Mwanza, tangu miaka ya 1970 hadi karne hii, wazee wengi, na zaidi wanawake, wameuawa kwa kudhaniwa wachawi, na alama iliyotajwa mara kwa mara ni macho mekundu. Sipendi kuficha jambo hili kwa sababu ni la kwetu. Wenye nyumba ndio wanaopaswa kuona paa linapovuja.

Hebu tuipime hoja hiyo kama tulivyopima mpunga. Kwanza, kanuni ilipandaje? Mtu husema, "Bibi fulani alikuwa na macho mekundu naye alikuwa mchawi, na fulani vilevile." Lakini ukimwuliza alijuaje kwamba bibi alikuwa mchawi, atajibu kwamba watu walisema hivyo. Na watu walisema hivyo kwa nini? Kwa sababu ya macho yake mekundu! Kumbe mtu huyu hakupanda popote. Amezunguka tu kama ng'ombe aliyefungwa mtini. Hakuhesabu wachawi wenye macho mekundu. Alihesabu wenye macho mekundu walioitwa wachawi.

Pili, tuangalie kama kuna mwenye macho mekundu ambaye hoja hii imemsahau. Wanafunzi wenzangu, hatuna haja ya kwenda mbali. Nendeni jikoni kwetu saa sita mchana, wakati sufuria kubwa za ugali ziko juu ya kuni. Watazameni wapishi wetu machoni. Ni mekundu kama nyanya! Je, kuna anayewaita wachawi? Hapana; twawapa sahani tukiwaomba watuongezee maharage.

Tatu, tufanye kama Bruce: tushuke tujaribu. Kama wekundu watoka katika moshi, basi yeyote akaaye katika moshi siku nyingi atakuwa nao, awe mzee au kijana, mke au mume. Mchoma mkaa atakuwa nao, mchoma nyama atakuwa nao. Na ndivyo ilivyo. Tena yafuata kwamba mwanamke aliyepika miaka hamsini atakuwa na wekundu kuliko binti aliyepika miwili. Na ndivyo ilivyo. Ongeza na maradhi ya macho kama vikope, ambayo huwasumbua akina mama zaidi. Lakini wekundu ukitoka katika uchawi, nani awezaye kutuambia kwa nini uchawi uwachague wapikao kwa samadi, uwaache wapikao kwa gesi?

Likizo ya Juni nilimweleza bibi yangu mzaa mama haya niliyojifunza. Yeye naye macho yake ni mekundu. Nilikuwa nimemwona miaka yote akishusha khanga mpaka kwenye nyusi anapokutana na mgeni njiani, wala sikupata kumwuliza sababu. Safari hii nikauliza. Akacheka kidogo, akaniita kwa utani kama kawaida yake, "Mume wangu, macho haya yalianza kuona moshi kabla mama yako hajazaliwa. Lakini watu hawauulizi moshi. Hunitazama mimi." Kisha akaendelea kuchambua maharage. Usiku ule sikulala upesi.

WALE WASIOHESABIWA

Sasa nije kwenye dhahabu. Kuanzia miaka ya 2006 na 2007 nchi yetu ilipata aibu kubwa, hasa katika mikoa hii ya Kanda ya Ziwa, kwa kuuawa ndugu zetu wenye ualbino. Waganga fulani walidanganya watu kwamba viungo vyao huleta bahati ya mali, kama dhahabu kwa mchimbaji au samaki kwa mvuvi. Hoja yao ilipandaje? "Fulani alikwenda kwa mganga, akapata dhahabu. Basi dawa ya mganga huleta dhahabu."

Katika kitabu nilichoazimwa nilimkuta Mwingereza mmoja, Francis Bacon, aliyetoa kitabu chake mwaka 1620 akiwafundisha wenzake njia nzuri ya kupanda. Yeye husimulia kisa cha zamani. Mtu mmoja alionyeshwa hekaluni picha za mabaharia walioweka nadhiri wakati wa dhoruba, wakaokoka. Akaulizwa kama sasa akubali nguvu ya miungu ya hekalu lile. Yeye akauliza: na wale walioweka nadhiri kisha wakazama, picha zao ziko wapi?

Nilipokisoma kisa hicho niliweka kitabu chini. Lilikuwa swali lilelile la msichana wa Kidato cha Tatu! Waliozama hawana wa kuwachora. Waliokwenda kwa mganga wakarudi shimoni wakakosa hawana wa kuwasimulia, na wenyewe huona haya kusema. Mmoja aliyepata huimbwa machimbo yote, na jina lake huvuka mpaka wilaya ya pili. Basi anayesikiliza hudhani kwamba kila aendaye kwa mganga hupata. Amechoma bambo mahali pale pale muuzaji alipomwonyesha. Na hakuuliza swali la pili: waliopata dhahabu bila kwenda kwa mganga yeyote ni wangapi?

Ukweli wa dhahabu ni huu. Miamba ya Geita na Bukombe ina umri wa miaka zaidi ya milioni 2,500. Dhahabu iliingia katika nyufa zake pamoja na maji ya moto ya chini ya ardhi, wakati ambapo hapakuwa na mganga wala mteja wake, wala hapakuwa na mtu yeyote duniani. Ilipo ipo, isipokuwapo haipo. Mgodi mkubwa wa Geita ulioanza kutoa dhahabu mwaka 2000 haukutafutwa kwa hirizi. Watafutaji hutoboa mwamba kwa mashine, wakatoa vipande virefu vya mawe kama fimbo, wakavipima. Wakatoboa pengine tena, na pengine. Hilo ni bambo la ardhi!

Na ukweli wa ualbino ni huu. Ni hali ya kurithi. Baba na mama, hata wakiwa weusi wote wawili, kila mmoja hubeba chembe yake ya urithi bila kujua, na mtoto akizipata zote mbili huzaliwa na rangi kidogo katika ngozi, nywele na macho. Hakuna zaidi. Atakayeshuka kutoka katika ukweli huo hatafika kwenye dhahabu hata atembee mwaka mzima. Atafika kwenye kofia ya kukinga jua, mafuta ya ngozi, na dawati la mbele darasani kwa sababu macho hayaoni mbali.

MAHAKAMA HUFIKIRIJE?

Mwezi Septemba 2009 Mahakama Kuu iliyoketi Kahama iliwahukumu watu watatu adhabu ya kifo kwa kosa la kumwua mvulana wa miaka 14 mwenye ualbino, wa wilaya yetu hii ya Bukombe, ambayo wakati ule ilikuwa bado katika Mkoa wa Shinyanga. Ilikuwa hukumu ya kwanza ya namna hiyo katika nchi yetu. Mvulana yule alikuwa na umri wa wanafunzi wetu wa Kidato cha Kwanza na cha Pili.

Nataja habari hiyo kwa huzuni, tena kwa kuwa mahakama ni mahali ambapo njia zetu mbili hutumika wazi. Sheria ni kanuni iliyo juu: amwuaye mtu kwa kukusudia ana hatia. Hakimu hushuka kutoka hapo. Lakini hawezi kushuka mpaka ijulikane kama mtu huyu aliua, na hilo hupatikana kwa kupanda: shahidi mmoja, shahidi wa pili, kitu kilichokutwa, maneno yaliyosemwa. Tena mshtakiwa hupewa nafasi ya kuleta kinyume chake, na wakili wake huwauliza mashahidi maswali makali. Kazi ya maswali hayo ni kuchoma bambo chini ya gunia.

Sasa linganisheni na hukumu ya bibi wa macho mekundu. Nani alikuwa shahidi? Nani alimwuliza shahidi swali? Nani alimpa bibi nafasi ya kusema habari za moshi?

MASWALI MANNE

Wenzangu, na wazazi wetu mnaolisoma gazeti hili, sitaki mtoke na majina magumu. Afadhali mtoke na maswali manne, ambayo mtoto wa shule aweza kumwuliza mtu yeyote kwa adabu.

La kwanza: umeona mangapi, na uliyachagua wewe au ulichaguliwa?

La pili: wale ambao haikuwa hivyo wako wapi?

La tatu: kanuni hii umeigeuza? Maana kila dhahabu hung'aa, lakini si kila king'aacho ni dhahabu.

La nne: kama usemayo ni kweli, ni jambo gani jingine lazima liwe kweli, nasi tuende tukalitazame?

Swali la nne ndilo zito, maana lamtaka mtu ainuke kitini. Lakini ndilo lililomfikisha Bruce kwenye ukweli wa mbung'o, nalo ndilo lililonipeleka mimi jikoni kwa wapishi wetu.

Wengine wataniambia kwamba kuuliza wakubwa maswali si adabu. Nami nasema kwamba mtu aweza kuuliza akiwa amepiga magoti. Wazee wetu wenyewe walisema kuuliza si ujinga. Na yule msichana wa Kidato cha Tatu hakunivunjia heshima aliponiuliza. Aliniheshimu kuliko walionipigia makofi, kwa sababu alinisikiliza mpaka mwisho.

Kabla sijarudi shuleni, mimi na mjomba tulitoboa ukuta wa jiko la bibi juu ya mafiga, tukaweka tundu kubwa la kutolea moshi. Kazi ilituchukua asubuhi moja. Bibi alisema kwamba tumemharibia nyumba na paka wa jirani wataingia. Lakini jioni alipika bila kufuta macho kwa khanga, akatazama moshi unavyotoka, hakusema neno. Bibi mwenye mwembe sikumkuta. Nimeambiwa alikwisha hama. Kama yuko hai na kama kuna mjukuu wake asomaye ukurasa huu, namwomba amfikishie salamu zangu, amwambie kwamba yule mtoto aliyekimbia sasa amejua kuhesabu.

Ni mimi mwenzenu,
Mwanafunzi wa Kidato cha Nne,
Ushirombo.